Mercedes-Benz W123 ya dizeli: kagua bodi kwanza, injini baadaye

Ukikuta W123 ya dizeli yenye bodi safi na injini inayotoa moshi, endelea kuzungumza na muuzaji. Ukikuta yenye injini safi na bodi iliyoliwa na kutu, mshukuru uondoke. Wanunuzi wengi hufanya kinyume. Hufungua boneti, husikiliza mlio, huambiwa kwamba injini hii haifi, na hulipa kabla hawajainua hata kapeti. Injini ya gari hili hurekebishika, na vipuri vyake vingi bado vinatengenezwa. Bodi iliyooza ni kazi ya kuchomelea ya wiki kadhaa, na ikimalizika huna hakika kama sehemu za kubebea uzito zimerudi kwenye mstari wake.

Gari hili lilianza kuuzwa Januari 1976 na uzalishaji wake ukakoma Januari 1986. Ya petroli na ya dizeli kwa pamoja, yalitengenezwa karibu milioni 2.7. Upande wa dizeli kuna 200D, 220D iliyoachwa mwaka 1979, 240D ya silinda nne na 300D ya silinda tano. 200D ilianza na nguvu farasi 55 ikafika 60. 240D ilianza na 65 ikafika 72. 300D ilianza na 80 ikafika 88. Juu yao ipo yenye turbo ya nguvu farasi 125, iliyowekwa kwenye gari la mzigo na familia, 300TD, kuanzia 1980, na baadaye kwenye saluni zilizouzwa Marekani.

Takwimu hizo ni ndogo na ndivyo gari linavyokwenda. 200D ya mwanzo huchukua zaidi ya sekunde 30 kufika kilomita 100 kwa saa, 240D ya gea za mkono zaidi ya 20. Kwenye mlima mrefu ukiwa na abiria wanne utashuka gea ya tatu na kubaki nayo. Ulaji wa 240D ni kati ya lita 8 na 10 kwa kilomita 100, na tangi la saluni hubeba lita 65.

Kutu

Beba bisibisi, tochi na kipande cha turubai cha kulalia. Anza na matundu manne ya kuingizia jeki, pembeni chini ya milango. Toa vizibo vya mpira na ugonge ndani kwa mpini wa bisibisi. Chuma kizima hulia kwa sauti kavu. Kilichooza hutoa sauti ya boksi la karatasi na vumbi jekundu hushuka. Hapo ndipo gari hili huanza kufa, kwa sababu maji na tope hukaa ndani ya mkunjo ambao hauonekani.

Kisha inua kapeti za mbele, pande zote mbili. Chini yake kuna sponji nzito inayoshika maji kwa miezi bila juu kuonekana unyevu. Ibonyeze kwa kiganja. Maji hayo hutoka kwenye mifereji iliyo chini ya kioo cha mbele, inayoziba kwa majani, au kwenye mpira wa kioo uliokauka. Gari lenye dirisha la paa lina mirija ya kutolea maji pembeni. Ikiziba, maji hushukia ndani. Angalia pia kona za chini za kioo cha nyuma. Rangi iliyovimba hapo kwa ukubwa wa sarafu huficha tundu la ukubwa wa kiganja, na maji yake huishia kwenye buti, katika shimo la tairi la akiba.

Maeneo mengine ni sahani ya betri, ambapo asidi hula chuma, sehemu ya nyuma ya matgadi za mbele, ukingo wa matao ya magurudumu ya nyuma na midomo ya chini ya milango. Matgadi za mbele zimefungwa kwa bolti, kwa hiyo zisikutishe. Kutu kwenye sakafu, kwenye matundu ya jeki au pale mikono ya ekseli ya nyuma inaposhikwa, hiyo ni sababu ya kuondoka. Gari lililopakwa lami nyeusi mpya chini juma moja kabla ya kuuzwa lichukulie kama limeoza mpaka uthibitishe vinginevyo.

Kuwasha injini ikiwa baridi

Mwombe muuzaji asiiwashe kabla hujafika, na ukifika gusa kifuniko cha valvu. Kikiwa na joto, rudi siku nyingine. Dizeli ya aina hii huficha ubovu wake wote ikishapata moto, kwa hiyo dakika mbili za kwanza za asubuhi zina thamani kuliko safari nzima ya majaribio.

Geuza ufunguo mpaka taa ya hita plagi (plagi zinazopasha joto ndani ya silinda kabla ya kuwasha) iwake. Magari ya tangu 1980 hivi yana hita plagi za umbo la penseli, na sekunde 10 mpaka 15 zinatosha. Ya zamani zaidi yana plagi za waya uliojipinda na huhitaji nusu dakika au zaidi. Taa ikizima, washa bila kukanyaga mafuta sana. Injini nzima hushika kwa mizunguko michache ya stata na hutulia ndani ya sekunde chache. Ikiwaka kwa kutetemeka, ikitoa moshi mweupe wenye harufu kali ya dizeli kisha ikatengemaa baada ya dakika moja, silinda moja au mbili hazipati joto.

Hilo ni tatizo dogo na unaweza kulithibitisha papo hapo. Chomoa waya za hita plagi, weka mita ya omu kati ya ncha ya plagi na injini. Plagi nzima husoma chini ya omu 1. Iliyokufa haisomi kitu. Kwa plagi za penseli kila moja inajitegemea, lakini zile za waya zimeungwa kwa mfululizo, na moja ikifa zote hubaki baridi. Zikiwa zote ni nzima na hakuna umeme unaofika, fungua kiboksi cha relei. Ndani kuna fyuzi bapa ya ampea 80 iliyobanwa kwa skrubu mbili, ambayo hupasuka ufa mwembamba kama unywele huku ikionekana nzima. Ipinde kidogo kwa kucha uone.

Anayebadilisha plagi asikose kusafisha matundu yake. Masizi magumu hujaa ndani, ncha ya plagi mpya huyagusa, na plagi huungua ndani ya muda mfupi. Kuna kikereza maalumu cha kazi hiyo. Kipake grisi ili masizi yanase humo badala ya kuangukia ndani.

Plagi zikiwa nzima na injini bado inasumbua kuwaka, shaka inahamia kwenye kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda.

Injini ikipata moto

Endesha kwa nusu saa. Simamisha, iache iungurume sailensa (bila kukanyaga mafuta), legeza kifuniko cha kujazia oili na ukiweke kichwa chini juu ya tundu lake. Kikitetemeka na kubaki mahali pake, ringi za pistoni bado zina maisha. Kikirushwa pembeni na moshi mzito ukafuata, gesi ya mwako inapita kwenye pistoni na ovahoo haiko mbali.

Geji ya oili kwenye dashibodi ni ya kuaminiwa. Barabarani mshale unapaswa kugonga mwisho wa juu, bar 3. Kwenye sailensa injini ikiwa na moto hushuka, na ikibaki juu ya bar 0.5 hakuna cha kuhofia. Ukikanyaga mafuta na mshale ukachelewa kupanda, beringi au pampu ya oili imechoka. Joto la maji likae kwenye nyuzi 80 hadi 90, kwa kuwa thamostati hufunguka karibu na 80. Gari linalopanda joto kila likipata mlima lina redieta iliyoziba au klachi ya feni isiyoshika.

Oili kuwa nyeusi si kosa. Huwa nyeusi kilomita chache baada ya kubadilishwa, maana masizi ya dizeli huingia humo. Moshi mweusi wakati wa kukanyaga sana ni hewa kidogo au mafuta mengi, na filta ya hewa chafu ndiyo ya kwanza kutazamwa. Moshi wa bluu unaotoka baada ya kushuka mlima mrefu ni sili za valvu.

Ukitaka uhakika, pima kompresheni kwa geji ya dizeli, injini ikiwa na moto. Silinda nzuri husoma bar 22 mpaka 24, kiwango cha chini kabisa ni 15, na silinda zisipishane kwa zaidi ya bar 3. Kabla ya kupima, rekebisha valvu. Injini nyingi zimehukumiwa kufanyiwa ovahoo wakati kosa lilikuwa valvu zisizofunga.

Valvu: kazi inayoamua umri wa injini

Hapa ndipo sifa ya gari hili inapojengwa au kubomoka. Hakuna kifaa cha kujirekebisha kwa oili. Nafasi kati ya valvu na mkono unaoisukuma lazima ipimwe kila kilomita 24,000, na idadi kubwa ya magari yanayouzwa hayajaguswa kwa mara tano ya umbali huo.

Jambo lisiloeleweka na wengi ni kwamba nafasi hupungua na siyo kuongezeka. Valvu huzama taratibu ndani ya kiti chake, shina hupanda, nafasi huisha. Injini ikipata moto shina hurefuka, valvu haifungi kabisa, kompresheni huvuja, na valvu ya ekzosi huungua ukingo. Kwa hiyo injini iliyo kimya mno ni ya kutiliwa shaka zaidi kuliko inayogonga kidogo juu.

Kazi yenyewe hufanywa injini ikiwa baridi. Toa kifuniko cha valvu. Zungusha injini kwa soketi ya milimita 27 kwenye bolti ya kranki shafti, kuelekea mwendo wa saa ukiwa umeikabili kwa mbele. Usiizungushe kinyume, na usitumie bolti ya kemshafti. Pua ya kemu ikiwa imeelekea juu, mbali na mkono wake, ingiza fila geji (kibamba chembamba cha kupimia nafasi): milimita 0.10 kwa valvu ya hewa na 0.30 kwa ya ekzosi. Kwenye injini ya turbo ekzosi ni 0.35. Ukisita ipi ni ipi, tazama imekabiliana na bomba lipi pembeni ya silinda hedi. Kuna nati mbili za milimita 14 juu ya kila valvu; shika ya chini, legeza ya juu, rekebisha, kaza, kisha pima tena kwa sababu kukaza hubadilisha kipimo. Geji ipite kwa kukwaruza kidogo. Spana zilizopinda zilizotengenezwa kwa kazi hii huokoa vidole na muda.

Mnyororo wa taimingi ni wa safu mbili na hauna tarehe ya kubadilishwa kama mkanda, lakini hurefuka. Linganisha alama ya kemshafti na ile ya mnara wake, kisha soma digrii kwenye puli ya kranki. Digrii 2 au 3 ni kawaida ya injini iliyotumika. Ikizidi hapo sana, pampu ya dizeli nayo imechelewa, maana inazungushwa na mnyororo huohuo, na gari litakuwa zito na lenye moshi hata nozeli (vinyunyizi vya dizeli) zikiwa mpya. Pampu hupangwa ianze kusukuma digrii 24 kabla ya pistoni kufika juu.

Kuhusu usemi kwamba injini hii haifi, mfano unaotajwa mara nyingi ni teksi ya Ugiriki, 240D ya 1976 ya umbo lililotangulia W123, iliyotembea kilomita milioni 4.6 na kupelekwa makumbusho ya Mercedes-Benz mwaka 2004. Teksi ile haikufika huko kwa injini moja. Zilitolewa na kurudishwa kwa zamu. Huo ndio ukweli wenye faida kwa mnunuzi.

Dizeli, nozeli na hewa

Kuna filta mbili: ndogo ya plastiki inayoonyesha ndani, kisha kubwa iliyokazwa pembeni ya injini. Zibadilishe pamoja. Baada ya hapo pampu ndogo ya mkono ndiyo ya kuondolea hewa. Za zamani zenye kichwa cheupe huvuja hewa zikizeeka. Aina mpya ya Bosch hukaa mahali palepale.

Gari linalowaka vizuri, likalala usiku, kisha asubuhi likawaka na kuzima, mara nyingi limeingiza hewa. Anza na mirija midogo iliyofumwa kwa kitambaa inayorudisha dizeli kutoka nozeli moja hadi nyingine. Kipenyo cha ndani ni milimita 3.2, hukauka, na mita moja inatosha injini nzima pamoja na kizibo cha nozeli ya mwisho.

Mlio wa chuma kugonga unaosikika kwenye sailensa na kufanya watu wahofie beringi, mara nyingi ni nozeli moja. Funika nati ya bomba la nozeli kwa kitambaa, vaa miwani, ilegeze kidogo kwa spana ya 17, moja baada ya nyingine. Usiweke mkono mbele ya dizeli inayoruka, kwa kuwa shinikizo lake huweza kupenya ngozi. Mlio ukikoma, umeipata. Usikie pia tofauti ya muungurumo: silinda ambayo ukiilegeza hakuna kinachobadilika haifanyi kazi. Nozeli za injini isiyo na turbo hufunguka kwa bar 115 hivi zikiwa mpya, na chini ya 100 zirudishwe kwa fundi wa pampu. Zikifungwa tena, pete bapa za chuma (washa) zinazokaa chini yake ziwe mpya kila mara, na kaza kwa Nm 70 hadi 80. Rudisha na vile vibanio vinavyoshika mabomba pamoja. Mafundi huviacha, bomba hutetemeka na kupasuka.

Uliza kama gari limewahi kutumia mafuta ya kupikia. Injini hizi huyakubali, jambo lililozipa umaarufu, lakini mabaki yake hugeuka gundi kwenye tangi na chujio lake. Harufu ya kukaanga kwenye ekzosi na utando wa kunata chini ya kifuniko cha tangi husema kabla muuzaji hajasema.

Vakyumu

Gari likikataa kuzima baada ya kutoa ufunguo, kosa haliko kwenye umeme. Pampu ya vakyumu (mvuto wa hewa) mbele ya injini huvuta hewa inayotumika kwa breki, kufuli za milango, gea boksi ya otomatiki na kizimio cha injini. Mpira mmoja ukipasuka mlangoni, injini haizimi. Kwa dharura kuna kishikizo chenye neno STOP juu ya injini, kisukume.

Kutafuta uvujaji, ziba tawi moja baada ya jingine kwa msumari mfupi mpaka kizimio kirudi. Oili ikionekana ndani ya mirija ya vakyumu, ngozi ya mpira ya kizimio imepasuka na oili inavutwa kutoka kwenye pampu ya dizeli. Ibadilishe upesi, maana hufika mpaka kwenye kufuli na kuharibu mipira yake yote.

Otomatiki inayobadili gea kwa kishindo huenda haina ubaya wowote zaidi ya huo. Kabla ya kukubali kuifungua, badilisha vipande vya mpira na upime vakyumu inayofika kwenye modyuleta, kifaa cha gea boksi kinachoitumia. Gea boksi ya mkono hutumia oili ya otomatiki, ATF. Aliyejaza oili nzito ya gea ameifanya iwe ngumu kila asubuhi.

Chini ya gari

Diski za mpira kwenye propela shafti, mhimili unaopeleka nguvu nyuma, hupasuka na kutoa mlio wa kugonga unapoanza kuondoka. Mikono ya juu ya mbele huja na boli jointi yake kama kitu kimoja. Stelingi ina boksi, na uchezaji mdogo katikati ni wa kawaida, ila bushi ya mkono wa stelingi wa upande wa pili ikilika gari hutangatanga. Ni kipuri kidogo kinachobadilisha uendeshaji wote. Mipira ya kubebea injini ikikaa chini, usukani hutetemeka kwenye sailensa na watu hulaumu nozeli.

Kwenye 300TD, washa injini, watu wawili wakae mlangoni nyuma. Gari linapaswa kushuka kisha kujiinua. Likibaki chini, mfumo wa hidroli unaoinua nyuma haufanyi kazi. Likirukaruka kama mkokoteni, matufe ya gesi yamekufa.

Usiamini odometa. Gia yake huteleza kwenye mhimili na nambari husimama huku spidometa ikifanya kazi. Soma pedali, kiti cha dereva na vishikizo.

Kati ya zote, 240D ya gea za mkono ya baada ya 1978 ndiyo rahisi kuishi nayo, na 300D ndiyo ya safari ndefu. 240D ya otomatiki ni nzito mno kwa barabara ya magari ya kasi, na 200D imfae anayezunguka mjini tu.

Wiki ya kwanza baada ya kununua badilisha oili na filta yake, lita 6.5 hivi kwa 300D isiyo na turbo na 7.5 kwa ya turbo, na urudie kila kilomita 5,000. Filta ya oili hutolewa kwa juu kwa nati mbili. Rekebisha valvu, weka filta zote mbili za dizeli, mirija ya kurudishia na mafuta ya breki. Kisha kila siku utazame ile filta ndogo ya plastiki. Ikijaa uchafu mweusi ndani ya kilomita 500, shusha tangi usafishe chujio lake kabla ya kununua filta ya tatu.